Bunduki Haikuiona Ngazi

Ndugu msomaji, katika miji yetu mlinzi wa lango ni mtu anayejulikana na kila mfanyakazi. Kiwandani yupo, benki yupo, na bohari nalo lina wake. Mzigo ukiwa na thamani, mlinzi hupewa rungu. Thamani ikizidi, hupewa bunduki. Leo na tuutazame mzigo mmoja ambao ni miongoni mwa mizigo inayolindwa kwa silaha nyingi kupita yote duniani, kisha tujiulize: bunduki ile huzuia nini, na ni kitu gani isichoweza kukizuia?

Mzigo wenyewe ni makombora ya nyuklia yaitwayo Trident, yanayobebwa na nyambizi, yaani manowari zipitazo chini ya maji. Kombora moja la aina inayotumika sasa lina urefu wa zaidi ya mita 13 na uzito wa tani 59 hivi, nalo laweza kuruka zaidi ya kilomita 7,000. Nchini Marekani makombora hayo hupakiwa katika vituo viwili: Kings Bay katika jimbo la Georgia, na Bangor katika jimbo la Washington, ng'ambo ya maji kutoka mji wa Seattle.

Huko Bangor nyambizi huingizwa kwenye gati lililoezekwa paa kubwa. Mfuniko wa mtungi hufunguliwa mgongoni mwa chombo, na kombora, likiwa limesimama wima, huteremshwa polepole kwa winchi hadi likae mahali pake. Kazi hiyo huzungukwa na askari wa Marine wenye silaha. Majini huwekwa vizuizi vinavyoelea, na nchi kavu kuna nyua za seng'enge zenye mabango yanayoonya kwamba askari wana ruhusa ya kuua. Tena ipo kanuni ya watu wawili: hakuna mtu, hata awe na cheo gani, anayeruhusiwa kuwa peke yake na silaha ya nyuklia. Kila mmoja ni mlinzi wa mwenzake.

Kwa ulinzi wa namna hiyo, msomaji, ungedhani hata panya hapiti. Lakini alfajiri moja ya Novemba 2009 watu watano wapinzani wa silaha za nyuklia, miongoni mwao mapadri na mtawa, walikata nyua za Bangor kwa mikasi ya kukatia seng'enge, wakaingia hadi eneo linalohifadhiwa makombora. Hawakuwa makomando. Wawili kati yao walikuwa wamekwisha pita umri wa miaka 80. Walikamatwa, wakashtakiwa, na mwaka 2011 wakahukumiwa vifungo vya kati ya miezi miwili na miezi 15. Nyua zile hazikuwazuia wazee wenye mikasi.

Hata hivyo, hatari iliyo kubwa zaidi ilikuwa imetokea mahali hapo hapo miaka sita kabla, wala haikuletwa na mtu wa nje. Novemba 2003 mafundi walikuwa wakiyatoa makombora katika nyambizi iitwayo Georgia. Kwa mujibu wa habari zilizochapishwa na magazeti ya huko mwaka 2004, waliteremsha ngazi ndani ya mtungi ili wafunge vifaa vya kuinulia, kisha wakaenda kupumzika. Waliporudi waliwasha winchi bila kuiondoa ngazi. Kombora likapanda, na ngazi ikaitoboa pua yake tundu la inchi tisa hivi, karibu kabisa na vichwa vyenye mabomu. Desemba ya mwaka huo mkuu wa kituo aliondolewa madarakani.

Bunduki zote zilikuwapo siku ile. Lakini zilielekezwa nje, na ngazi ilikuwa ndani. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Hapa ndipo palipo na somo kwa kila mfanyakazi na kila mzazi. Tunaweka kufuli mbili mlangoni na nondo madirishani, kisha tunaweka mafuta ya taa katika chupa ya soda mahali mtoto anapofikia. Kiwandani tunampekua mwenzetu langoni jioni, lakini hatuhesabu vifaa kabla ya kuwasha mtambo. Mwizi tunamwogopa kwa sababu ana sura. Uzembe hauna sura, kwa hiyo tunalala nao nyumba moja. Anayekabidhi zamu bila kueleza alipofikia ameiacha ngazi yake ndani ya mtungi.

Wala mtu asiseme kwamba Bangor ni mbali. Bahari haina uzio. Mwezi Oktoba 2022 nyambizi iitwayo West Virginia, ya aina ile ile, ilitia nanga Diego Garcia, katikati ya Bahari ya Hindi, bahari ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza kuwa eneo la amani mwaka 1971. Nchi za Afrika, kwa upande wao, zilikutana Cairo mwaka 1996 kutia sahihi Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika kuwa bara lisilo na silaha za nyuklia. Mkataba huo ulianza kutumika mwaka 2009.

Msomaji mpendwa, ukipima utaona kwamba mkataba ule ni ulinzi wa namna nyingine. Mwenye bomu analazimika kumlinda mzee mwenye mikasi asiingie, na kumchunga fundi mchovu asisahau ngazi, usiku na mchana, bila kukosea hata mara moja. Asiyekuwa na bomu hana haja ya kulilinda. Jioni hii, kabla ya kufunga mlango, iondoe kwanza ile chupa ya mafuta ya taa.