Kuuza nguo kwa picha: ila ionekane, bei ijulikane

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyetuhalalishia biashara na kutuharamishia riba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyeijua biashara kwa kuifanya kabla ya kupewa utume, pamoja na ahli zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, zamani aliyetaka nguo ya sikukuu alikwenda Darajani au Mchangani, akasimama mlangoni mwa duka, akaishika nguo, akaivuta, akaigeuza ndani nje, akaitazama kwenye mwanga wa jua, kisha ndipo akauliza bei. Leo mabinti na mama zetu wengi wa Mji Mkongwe, Michenzani, Bububu hata Makunduchi wamefungua maduka ndani ya simu. Picha ya buibui hupandishwa Instagram au WhatsApp asubuhi, fedha hulipwa kwa simu adhuhuri, na jioni kijana wa bodaboda anabisha hodi na mfuko mkononi. Ni kheri kubwa. Mama anayelea watoto amepata riziki bila ya kuhama nyumbani kwake na bila ya kulipa kodi ya duka. Lakini kheri hiyo inaharibika mbele ya macho yetu, kwani kila nyumba sasa ina kisa chake cha nguo iliyokuja si ile iliyoonekana, na anayelipia dhambi ya mdanganyifu mmoja ni yule muuzaji mwaminifu wa mtaa wa pili ambaye haaminiwi tena.

Tuanze na msingi wa jambo lenyewe. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, kauli yenye nguvu ni kuwa kitu kilicho ghaibu, ambacho mnunuzi hajakiona, hakisihi kuuzwa hivi hivi. Husihi kikiuzwa kwa sifa zilizobainishwa, muuzaji akawa na dhima ya kuleta kitu chenye sifa hizo. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi wamelegeza, lakini wakampa mnunuzi khiyari ya kuona, yaani akikitazama ana haki ya kukubali au kukataa. Tazama hekima iliyomo katika kauli zote mbili: pale jicho na mkono wa mnunuzi visipofika, sharia haikuacha pengo, bali imeweka ama maelezo kamili au haki ya kurejesha. Muuzaji wa mtandaoni asiyeeleza na asiyepokea kilichorudishwa hana pa kusimama katika kauli hizi mbili.

Na watu wa visiwa hivi si wageni wa kitambaa. Katika karne ya 19 shuka nzito zisizopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts, zilizoletwa zaidi na wafanyabiashara wa bandari ya Salem, ziliingia Unguja kwa wingi hata kitambaa chenyewe kikachukua jina la nchi yake, kikaitwa marekani. Waingereza waliiga. Wateja wa pwani na bara waliendelea kuipendelea ile ya Kimarekani, kwa sababu mkono uliozoea ulijua uzito wake na ugumu wake. Soko lile halikupungua sana mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipopunguza mzigo, ndipo vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vikapata nafasi. Mkono ndio uliokuwa hakimu. Leo hakimu huyo ameondolewa, na kazi yake yote imehamia katika ulimi na kamera ya muuzaji.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, ameandika juu ya wauza nguo wa zama zake maneno ambayo utadhani aliwaona wa zama zetu. Amemhesabu kuwa ni mwenye ghashi yule anayeonesha upande mzuri wa nguo na kuuficha wa pili, na yule anayetandaza nguo zake mahali penye giza, na yule anayetoa mguu mmoja wa kiatu ulio mzuri kuliko mwenzake. Giza la siku hizo lilikuwa pazia la duka. Giza la leo ni programu ya simu inayong'arisha rangi, ni taa iliyoelekezwa pembeni, ni picha ya kiwandani iliyochukuliwa kwa mtu mwingine huku nguo iliyomo kabatini ni nyingine kabisa.

Basi nini afanye anayeanza? Aipige picha nguo ile ile atakayoituma. Aitandike juu ya mkeka au aitundike kwenye ukuta mweupe, uani au karibu na dirisha, asubuhi kabla jua halijawa kali. Apige mbele, nyuma, mshono wa ndani na pindo. Si lazima avae mtu. Wako wanaodhani nguo haiuziki bila ya kuvaliwa na binti aliyejiremba, nami naona huko ni kumuuza binti pamoja na nguo. Kisha achukue futi ya fundi cherehani apime. Buibui la namba 54 la kiwanda kimoja si lazima lilingane na 54 la kiwanda kingine. Aandike urefu kutoka begani, upana wa kifua na urefu wa mkono kwa inchi, na aandike kitambaa ni nini, kama ni nida, krepu au pamba. Asipokijua, aseme hakijui, kuliko kukiita hariri kwa kuwa kinateleza.

Na ila ya nguo iwe katika picha za mwanzo. Tunakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akakuta rundo la chakula, akaingiza mkono ndani yake, vidole vyake vikapata unyevu. Mwenyewe akajitetea kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume hakukataza kiuzwe. Alimhoji kwa nini ile sehemu iliyolowa hakuiweka juu watu wakaiona, kisha akajitenga na wenye kughushi. Hadithi hii ameipokea Imam Muslim. Muuza mitumba anayefungua belo na kukuta doa kwenye shati, au kifungo kimoja kisichofanana na vyenzake, hukumu yake ndiyo hiyo: doa lipigwe picha ya karibu liwe juu ya rundo. Nguo yenye ila iliyotajwa ni halali na itapata mtu wake kwa bei yake.

Ipo ghashi nyingine ambayo picha haiwezi kuifichua kabisa. Kofia ya kiua iliyoshonwa kwa sindano na mama wa Unguja au Pemba humchukua wiki nyingi, pengine miezi, na iliyodariziwa kwa mashine nje ya nchi hutoka kwa mamia. Katika kioo cha simu hufanana. Anayeiita ya mashine kuwa ni ya mkono amemdhulumu mnunuzi mara moja, na yule mama mshonaji amemdhulumu mara nyingi, kwa sababu amemshushia thamani ya kazi ya macho yake katika soko zima. Kadhalika vitenge vinavyopewa jina la Uholanzi ilhali vimechapwa kwingine. Kitenge cha kuigiza si haramu kuuzwa. Jina la uongo ndilo haramu.

Tuje kwenye bei, ambako naona ugonjwa umeota mizizi. Umekuwa mtindo kuweka picha bila ya bei na kuandika kuwa bei njoo inboksi. Wengine hufanya hivyo kwa kuwaogopa washindani, na hao nawaelewa. Lakini wako wanaosubiri kwanza kutazama picha na jina la mteja, wakajua kuwa yuko Muscat au London, ndipo wanapotaja bei. Bei kujulikana ni katika sharti za mauzo, na kupatana ni desturi yetu isiyo na lawama. Ila mgeni wa soko, anayemuamini muuzaji na asiyejua bei ilivyo, ana haki yake. Mahanbali wamempa khiyari ya kuvunja mauzo akipunjwa kupita kiasi. Kwa Mashafi kupunjwa peke yake hakuvunji mauzo, lakini asifurahi muuzaji kwa kauli hiyo, maana kusihi kwa mauzo ni jambo moja na kusalimika mbele ya Mola ni jambo jengine.

Si kwamba uislamu umeweka kikomo cha faida. Urwa al-Bariqi alipewa dinari moja na Mtume (S.A.W.) anunue kondoo, akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari yake. Mtume alimuombea baraka. Ile ni faida ya mara mbili, wala hapana aliyedanganywa. Kwa upande wa pili yupo Yunus bin Ubayd, muuza nguo wa Basra. Alikuwa na nguo za dirhamu 200 na za dirhamu 400. Alipokwenda kusali, mtoto wa nduguye alimuuzia bedui ile ya 200 kwa 400. Yunus alikutana na bedui njiani, akaitambua nguo yake, akamrudisha dukani na kumrejeshea 200, ijapokuwa bedui mwenyewe alisema kwao ile ni ya 500 na ameridhika. Kisha akamkaripia kijana wake. Hapo utaona mpaka ulipo: faida kubwa kutokana na juhudi ya kununua vizuri ni riziki, na faida kutokana na ujinga wa mwenzio ni kitu cha kujihadhari nacho.

Na wapo wanaokosea upande wa pili, hasa wanaoanza. Tuseme mama amenunua mabuibui kumi Kariakoo kwa shilingi 30,000 kila moja. Mzigo kuvuka bahari ni 2,000 kwa moja, mfuko 500, makato ya simu na intaneti 1,500. Kila moja limeshafika 34,000, yaani 340,000 kwa yote kumi. Moja halitauzika. Yale tisa lazima yabebe gharama ya kumi, yaani karibu 37,800 kila moja, na hapo bado hajajilipa hata senti. Akiuza 35,000 kwa kuwa jirani anauza 35,000, anakula mtaji wa nyumba, na mara nyingi ni mtaji wa mume au wa mchezo wa upatu. Akiuza 45,000 atapata 405,000, faida ya 65,000 kwa kazi ya wiki nzima. Hiyo si tamaa. Hatari ya bei ya chini isiyo na hesabu ni kuwa mwenyewe hushawishika kuifidia kwa kitambaa hafifu au kwa gharama ya usafiri inayotajwa baada ya fedha kulipwa. Nauli ya kufikisha Nungwi au Jambiani si ya Kiponda. Iandikwe mapema pembeni mwa bei.

Ajihadhari pia na punguzo la uongo, la kuandika 80,000 na kuikata, kisha 55,000 chini yake, wakati nguo haikuwahi kuuzwa 80,000 hata siku moja. Na anayesema kuwa mwenyewe amenunua kwa 40,000 na anaongeza 5,000 tu, ajue kuwa ameingia katika mlango wa murabaha, na ikibainika kuwa amesema uongo, ile ziada na faida yake humrudia mnunuzi, kama ilivyokuja katika kauli yenye nguvu kwa Mashafi. Ama shoga anayeombwa aandike kuwa mzigo umefika na ni mzuri sana, ilhali hakununua kitu, hiyo ni najashi iliyokatazwa, tofauti yake ni kuwa zamani ilifanywa kwa mdomo.

Kuna wanaotangaza nguo wasiyokuwa nayo, wakingoja oda ndipo wakainunue. Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Njia ya halali ipo: ama awe wakala wa mnunuzi kwa ujira unaojulikana, ama wafunge mkataba wa salamu, sifa zote zitajwe na fedha yote ilipwe pale pale. Kianzio cha nusu na nusu baadae hakifai katika salamu.

Mwisho ni kurejesha. Nguo ikifika na ila ambayo haikutajwa, mnunuzi ana khiyari ya ila hata kama muuzaji ameandika kwa herufi kubwa kuwa mali ikishauzwa hairudi. Apewe fedha yake, si ahadi ya nguo nyingine. Lakini nasi wanunuzi tumo. Wapo wanaovaa gauni usiku wa harusi, kisha asubuhi wanalirudisha linanuka udi, wakidai mshono umefumka. Aliyeiona ila kisha akaendelea kuivaa nguo, haki yake ya kuirudisha kwa ila hiyo imeanguka, na muuzaji hana lawama akikataa kuipokea.