Mchanga wa Mweru unatosha kufundishia mantiki

Sudoku ina tarakimu lakini haina hesabu. Hakuna cha kujumlisha wala cha kutoa. Zile tarakimu tisa zingeweza kuwa herufi tisa au samaki wa aina tisa na fumbo lisibadilike. Kinachotakiwa ni kutazama mahali: nini kimeshakaa kwenye mstari huu, nini kimeshakaa kwenye safu ile, na kwa hiyo chumba kilicho wazi kinaweza kupokea nini. Wala si ajabu kwamba aliyelibuni kwa umbo tunalolijua leo, Howard Garns wa Marekani, alikuwa msanifu majengo mstaafu. Lilichapishwa mwaka 1979, na Wajapani wakalipa jina lao miaka michache baadaye. Ninachotetea ni hiki: shule za Nchelenge nchini Zambia, kuanzia Kashikishi hadi vijiji vya wavuvi vya ufuo wa Ziwa Mweru, ziwafundishe watoto mafumbo ya namna hii tangu madarasa ya chini, na zianzie mchangani, si kwenye karatasi.

Sababu ya kuanzia mchangani si uhaba wa madaftari peke yake. Mwaka huohuo wa 1979 mwanasaikolojia Robert Serpell, aliyefanya kazi miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Zambia, alichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza. Wote walipewa kazi ya kuiga maumbo, ila kwa vifaa tofauti. Kwa penseli na karatasi, Waingereza waliongoza. Kwa waya wa kukunja, Wazambia waliongoza. Kwa udongo wa kufinyanga, hawakupishana. Anayewajua watoto wa Zambia na magari yao ya waya hatashangaa, lakini funzo lake ni zito. Mtihani wa karatasi ungetuambia kwamba mtoto wa Lusaka hana jicho la maumbo, ilhali jicho analo na mkono anao. Alichokosa ni mazoea ya penseli. Nasikitika kufikiria ni watoto wangapi wamehukumiwa kuwa wazito wa akili kwa kosa la kifaa.

Mazoea ya mashimo na mbegu, kwa upande mwingine, nchi hii inayo tangu zamani. Mchezo unaoitwa nsolo katika sehemu kubwa ya Zambia ni ndugu wa kisolo cha Waluba wa Congo na wa bao la Zanzibar, lile lenye mashimo 32 na kete 64. Hauna dadu wala karata iliyofichwa. Kila mbegu inaonekana, na anayeshindwa ameshindwa kufikiri. Kabla hajainua mbegu, mchezaji mzuri ameshaona kwa akili ile ya mwisho itaangukia wapi na mpinzani atabakiwa na nini. Itasemwa kwamba nsolo si fumbo, kwa kuwa fumbo lina jibu moja na nsolo ina mtu wa pili anayevuruga mipango. Ni kweli, na ndiyo maana naupendekeza mchezo huo uwe mlango tu. Mtoto aliyekwisha kuzoea kuona mbali kwa mashimo achorewe mraba mchangani, mistari minne kwa safu nne, aambiwe kila mstari na kila safu iwe na jiwe moja, kombe moja, mbegu moja na jani moja. Tuseme mstari wa juu una jiwe katika chumba cha kwanza na kombe katika cha tatu, na kwenye safu ya pili, huko chini, kuna mbegu. Basi chumba cha pili cha juu hakiwezi kupokea jiwe wala kombe, kwa sababu ya mstari. Hakiwezi kupokea mbegu, kwa sababu ya safu. Kinabaki cha jani. Mtoto huyo hajabahatisha, amethibitisha, tena kwa njia ambayo wengi hukutana nayo kwa mara ya kwanza katika jiometri ya sekondari, wakati kukariri kumeshaota mizizi.

Pingamizi kubwa ni kwamba michezo ya akili haipandishi maksi. Lina ushahidi: jaribio la kufundisha sataranji katika shule 100 za msingi za Uingereza, ambalo ripoti yake ilitolewa mwaka 2016, halikuona faida yoyote katika hisabati mwaka mmoja baada ya masomo hayo. Anayeahidi kwamba fumbo litamfanya mtoto afaulu kila somo asisikilizwe. Lakini uchambuzi wa mwaka 2013 uliokusanya tafiti zaidi ya 200 uliona kwamba uwezo wa kufikiri kwa maumbo na nafasi hukua kwa mazoezi na hudumu. Dai langu halivuki hapo, isipokuwa kwa jambo moja: mwalimu asikubali jibu lisilo na sababu. Bila sharti hilo mtoto atapangapanga mawe hadi yakae, na hatakuwa amejifunza kitu.

Wengine watauliza muda utatoka wapi, hasa tangu ada zilipofutwa hadi sekondari mwaka 2022 na madarasa yakafurika. Msongamano huo ndio unaonifanya nisisitize mchanga. Watoto sitini hawatoshi kwenye ubao mmoja, lakini uwanjani watachora miraba kumi na mitano, wanne wanne, huku mwalimu akipita kundi kwa kundi na kuuliza kila mmoja amejuaje.