Kuchonyota Si Kupona

Wembe ukishapita, wengi wetu tunaamini lazima ngozi ichonyote ndipo iwe salama. Kinyozi anakumwagia spiriti kisogoni, unakunja uso, kisha unamshukuru. Nyumbani kwapa linasuguliwa ndimu, na kinena kinapakwa Dettol isiyozimuliwa au dawa ya meno. Anayelalamika anaambiwa avumilie, dawa inafanya kazi. Imani hii ni potofu, na inawaumiza watu mahali wanapoona haya kuonyesha hata kwa daktari.

Spiriti huua vijidudu, hilo sibishi. Lakini vipele vingi vinavyotokea siku mbili tatu baada ya kunyoa chanzo chake si vijidudu, ni unywele wenyewe. Nywele zetu za kipilipili hukua kwa kujipinda. Ukiivuta ngozi na kukata chini kabisa, ncha iliyochongoka hurudi ndani. Ikianza kukua huitoboa ngozi kutokea humo humo, au hutoka nje ikajikunja na kuingia tena pembeni. Mwili huupiga vita unywele huo kama mwiba, ndipo panapovimba na kuwasha. Spiriti itaufanya nini unywele uliojificha ndani? Itaondoa tu mafuta yanayoilinda ngozi na kuzidisha mwasho. Ndimu nayo ina asidi, na shingo iliyopakwa ndimu kisha ikapigwa jua inaweza kuungua na kubaki na mabaka meusi kwa muda mrefu.

Sehemu za siri ndizo zinazostahili huruma zaidi. Mwaka 1967 watafiti wa Marekani, Feldmann na Maibach, walionyesha kwamba ngozi ya korodani hupitisha dawa ya haidrokotisoni takriban mara 42 zaidi ya ngozi ya mkono. Kwa hiyo unachopaka huko kinaingia. Ndiyo maana naogopa zile krimu kali za steroidi ambazo watu hununua bila cheti cha daktari wakizipaka kila wanaponyoa: mwasho hutulia upesi, lakini zikitumika kwa muda mrefu ngozi hukonda na kuchanika michirizi isiyofutika.

Atakuwepo wa kusema kwamba bila dawa kali atapata maambukizi. Basi atazame vyumba vya upasuaji, ambako dawa za kuua vijidudu hazikosekani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema nywele za mgonjwa zisiondolewe, na ikibidi kabisa zipunguzwe kwa mashine. Wembe haushauriwi hata kidogo. Wembe huacha michubuko midogo isiyoonekana kwa macho, na humo ndimo vijidudu hujificha. Ikiwa madaktari wa upasuaji wenyewe hawategemei dawa ifute makosa ya wembe, kwa nini sisi bafuni tuitegemee?

Na kwa Waislamu, ambao wametakiwa wasiziache nywele za kinena na kwapa zaidi ya siku 40, wanazuoni wengi wameeleza kuwa kunyoa kinena ni bora, ila kuzipunguza kunatosha. Aliyeumizwa na wembe ana nafasi hiyo, aitumie bila kujiona mchafu.

Kinga iko kabla ya wembe. Punguza kwa mashine, bakiza kidogo sana, hata milimita moja. Ukitaka wembe lazima, uwe mpya na wako peke yako. Lainisha nywele kwa maji ya uvuguvugu dakika chache, paka sabuni laini au krimu ya kunyolea, fuata nywele zinakoelekea, usiivute ngozi, usirudie rudie palepale. Kisha maji baridi, kausha kwa kugusagusa, paka Vaseline kidogo na uvae chupi ya pamba isiyobana. Vipele vikishatoka, acha kunyoa kwa wiki nne hivi na ukande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Usivitumbue.

Usaha ukizidi au homa ikiingia, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vinundu vigumu vinavyoendelea kukua kisogoni navyo vionwe na daktari wa ngozi mapema, kwa kuwa makovu yake yakishakomaa ni kazi ngumu kuyaondoa.