Kinachopaswa kufichwa kiko mezani, kinachopaswa kuonyeshwa kiko kabatini

Lubumbashi, kartia Golf. Kutoka Golf Météo hadi Golf Malela, karibu kila mlango wa kazi una kaye yake. Farmasi inaandika, shule inaandika, depo ya simenti inaandika, kabini ya kutuma feza inaandika, na mlinzi wa kwenye lango la ofisi naye anaandika. Jina, namba ya simu, namba ya karte ya uchaguzi, mahali mtu anapolala. Kuandika si kubaya. Ubaya ni kwamba wengi wanaandika kila kitu pahali pamoja, kisha wanakitunza chote kwa namna moja: wazi kwa kila anayepita, ao kimefungwa kwa kila anayeuliza.

Habari zinazotunzwa na kampuni, zile wanaita data, si za aina moja. Kuna za msingi, kuna za kazi ya kila siku, kuna za watu, na kuna zile ambazo raia wote wana haki ya kuziona. Kila aina ina mtunzaji wake, ina muda wake, na ina ufunguo wake. Anayezichanganya anapoteza feza, na wakati mwingine anaweka maisha ya mtu mwingine katika hatari.

Za msingi ni zile ambazo hazibadiliki kila siku: jina la kampuni, namba ya RCCM, namba ya kodi, orodha ya bidhaa, majina ya wanaoleta mali na ya wateja wanaokopa. Hizi zinapaswa kuandikwa mara moja tu, pahali pamoja, na mtu mmoja ndiye awe na ruhusa ya kuzibadilisha. Kwa maduka mengi haiko hivyo. Mama mmoja anaandikwa kwa jina la bwana yake katika kaye ya madeni, kwa jina la mtoto wake wa kwanza ndani ya simu, na kwa jina lake la ubatizo kwenye fakture. Mwisho wa mwezi mwenye duka anafikiri ana wateja watatu, na deni linazua ugomvi. Hakuna mwizi hapo. Kuna jina moja lililoandikwa mara tatu.

Za kazi ya kila siku ni mauzo, malipo, mali iliyoingia na iliyotoka. Hizi hazifutwi. Kosa likipatikana, linasahihishwa kwa mstari mpya wenye tarehe, si kwa kukwangua wembe. Na katika mji huu ambamo bei inatajwa kwa dola na malipo yanafanywa kwa franka, mstari usioonyesha bei ya dola ya siku ile ni mstari nusu. Kongo iliingia katika OHADA mwaka 2012, na kanuni zake za hesabu zinadai vitabu vya hesabu na karatasi zake vitunzwe kwa miaka 10. Kanuni hizo hazikusahau wadogo: biashara ndogo inaruhusiwa kufuata njia nyepesi, ya kuandika feza iliyoingia na feza iliyotoka. Kwa hiyo udogo wa duka si sababu ya kutoandika.

Miaka 10 lakini ni ya hesabu, si ya kila jina lililopita mlangoni. Hapo ndipo aina ya tatu inaanza, na ndipo kosa kubwa zaidi linafanyika.

Tuchukue kabini. Kaye yake iko juu ya meza, imefunguliwa, kalamu imefungwa kwa kamba. Anayekuja kutoa feza anasoma bila shida nani alikuja mbele yake, kwa namba gani, na alibeba franka ngapi. Kwa mkaaji wa siku nyingi hiyo ni aibu tu, pengine. Kwa jamaa iliyokimbia vita ni jambo lingine. Tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa M23, mwanzoni mwa mwaka 2025, kuna jamaa zinazoishi kwa feza inayotumwa na ndugu kwa simu. Mstari mmoja wa kaye hiyo unasema wako hai, wako mji gani, namba yao ni gani, na siku gani feza yao inafika. Anayewatafuta kwa ubaya hahitaji kitu kingine.

Liste za misaada nazo zina shida ileile. Jina la baba, idadi ya watoto, mahali walipotoka, ugonjwa, kabila: vyote katika karatasi moja, na karatasi inabandikwa ukutani ili watu waone kama wamo. Wanaozipanga wanasema wanataka kuzuia mtu mmoja asiandikwe mara mbili. Sababu hiyo ni ya haki, maana anayekula mara mbili anamnyima mwingine. Lakini kuzuia udanganyifu hakudai kubandika majina. Kila jamaa ipewe namba ao jeton. Ukutani ziwekwe namba tu. Majina yabaki katika sanduku lenye kufuli, na funguo ziwe kwa watu wanaojulikana. Ugonjwa uandikwe katika fishe ya muganga, si katika liste ya unga.

Juu ya kabila, Katanga haihitaji kufundishwa na mtu wa mbali. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika jimbo hili, hata wale waliozaliwa hapa na wazazi wao kutumika miaka mingi katika migodi na reli. Wengi walingojea treni kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi, na wengine walikufia kule. Mji unaokumbuka jambo hilo hauna ruhusa ya kuweka sanduku la « kabila » katika fishe ya duka, ya shule ao ya kazi bila sababu nzito inayoelezwa mbele ya anayeijaza.

Sheria iko. Code ya numérique, ile ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu nzima juu ya kulinda data za watu. Msingi wake unaeleweka na kila mtu: habari ya mtu inachukuliwa kwa sababu inayojulikana, inatumiwa kwa sababu hiyo, na haitunzwi kupita muda unaohitajika. Namba ya simu iliyotolewa farmasini kwa ajili ya dawa haikutolewa ili itumiwe matangazo ya viwanja.

Sasa aina ya nne, ile ya kuonyesha wote. Hapo kampuni kubwa zinafanya kinyume: zile zinazowahusu raia ndizo zinafungiwa kabatini. Tangu decree ya tarehe 20 Mei 2011, mikataba ya mali ya asili inapaswa kutangazwa ndani ya siku 60. Code ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa redevance: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa entité ya pale mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu yake kuna 0,3 kwa mia ya mauzo ya kampuni kwa maendeleo ya wakaaji wanaoguswa na mgodi. Mkaaji atajuaje kama 0,3 imetimia ikiwa mauzo yenyewe hayaoni?

Kesi ya Tenke Fungurume inaonyesha bei ya giza hilo. Gécamines ina 20 kwa mia, CMOC ya China ina 80. Gécamines ilidai kwamba akiba ya madini haikutangazwa yote, wakati hesabu hiyo ndiyo inayofuatwa katika sehemu ya malipo yake, CMOC ilikana. Februari 2022 tribunal ya biashara ya Lubumbashi iliweka msimamizi wa muda. Julai 2022 shaba na kobalti zilizuiliwa kutoka. Ni Aprili 2023 tu ndipo walipatana: CMOC ilikubali kulipa dola milioni 800 kwa miaka, pamoja na dividende zisizopungua dola bilioni 1,2. Washirika wawili wa mgodi mmoja walibishana juu ya namba moja, na madini yakalala miezi.

Kampuni zitasema kwamba data za udongo ni siri ya biashara. Kwa sehemu ni kweli: mahali pa kuchimba kesho na mipango ya kununua mashine ni siri yao. Lakini namba inayoamua malipo ya serikali, ya jimbo na ya komine haiwezi kuwa ya upande mmoja peke yake.

Wenye biashara ndogo watasema hawana feza ya ordinateur. Hawaihitaji. Kaye tatu, sanduku moja lenye kufuli, na desturi ya kuchoma kila mwaka majina yasiyohitajika tena, bei yake haifiki kilo chache za unga. Mwenye kabini anaweza kuanza kesho asubuhi kwa kugeuza kaye yake upande wake na kufunika mistari ya juu kwa kartoni.

Na mkaaji, awe mwenyeji ao mhami wa vita, ana haki ya kuuliza mambo matatu mbele ya kutaja jina lake: inaandikwa kwa ajili gani, nani ataisoma, na itatunzwa mpaka lini. Mwandishi asiyeweza kujibu hayo matatu hajajua bado anaandika nini, na ni heri aweke kalamu chini kwanza.