Bunduki nyepesi, msukumo mkubwa: Mjadala wa Marekani kuhusu watoto wanaowinda kulungu

Kila mwaka, tarehe 15 Novemba, baadhi ya shule za vijijini katika jimbo la Michigan, kaskazini mwa Marekani, hufungwa. Siku hiyo si sikukuu ya dini wala ya taifa. Ni siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki, na wanafunzi wengi pamoja na walimu wao wasingeonekana darasani hata kama kengele ingepigwa.

Huenda umewahi kuona kwenye simu yako picha ya mtoto wa Kimarekani wa miaka minane au kumi, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa kinachong'aa, amepiga magoti kando ya mnyama mwenye pembe, na bunduki iko mkononi. Kwetu picha hiyo inashtua. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania haumruhusu mtu kuwinda bila leseni. Katika nchi za Maziwa Makuu, mtoto mwenye bunduki anatukumbusha vita. Lakini kwa familia nyingi za vijijini Marekani, picha hiyo ni ya furaha, na huwekwa ukutani sebuleni.

Katika makala haya tunaeleza kwa nini Wamarekani huwapa watoto bunduki za kuwindia, wanazichaguaje, na kwa nini jambo hilo sasa linabishaniwa bungeni, mahakamani na nyumbani.

Kulungu ni wengi, wawindaji ndio wanaotafutwa

Mnyama anayezungumziwa hapa ni kulungu mwenye mkia mweupe. Dume huota pembe zenye matawi ambazo huanguka kila mwaka na kuota upya. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanyama hawa walikuwa wamewindwa hadi kubaki wachache sana. Leo wanakadiriwa kuwa takriban milioni 30 nchini kote. Wanakula mahindi na soya mashambani, na magari huwagonga barabarani mara zaidi ya milioni moja kwa mwaka, kwa makadirio ya makampuni ya bima. Mkulima wetu anayekesha shambani kufukuza nguruwe pori au nyani ataielewa kero hiyo mara moja.

Mbwamwitu, waliokuwa wakiwapunguza kulungu hao zamani, wametoweka katika maeneo mengi. Kazi hiyo sasa inafanywa na wawindaji wenye leseni, na nyama huliwa nyumbani.

Kuna pia suala la fedha. Sheria ya Marekani inatoza kodi ya asilimia 11 kwa bunduki ndefu na risasi zinapotoka kiwandani. Fedha hizo hugawiwa majimbo kwa ajili ya kuhifadhi wanyamapori, na kipimo kimojawapo cha mgao ni idadi ya wawindaji wenye leseni katika jimbo. Wawindaji wakipungua, mfuko nao unapungua. Utafiti wa serikali ulihesabu wawindaji milioni 13.7 mwaka 2011, na milioni 11.5 tu mwaka 2016. Utafiti wa mwaka 2022, uliofanywa kwa njia tofauti, ulitoa idadi ya milioni 14.4, lakini hofu kwamba wazee wanaondoka bila warithi haijaisha.

Ndiyo maana majimbo mengi hutenga siku maalumu za watoto kabla ya msimu wa watu wazima. Michigan, tangu mwaka 2012, ina mpango unaomruhusu hata mtoto wa chini ya miaka 10 kuwinda, mradi awe na msimamizi mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, aliye karibu naye wakati wote.

Kwa nini bunduki ya baba haimfai mtoto

Zamani mtoto alipewa bunduki ya babu yake na kuambiwa akaze bega. Wengi waliofundishwa hivyo wanasema walijifunza jambo moja tu: kuogopa.

Bunduki inapofyatuliwa, risasi huenda mbele na bunduki hurudi nyuma kwa nguvu begani. Mtu mzima huuona msukumo huo kama kofi. Kwa mtoto wa kilo 30, unaweza kumwachia alama ya damu iliyovilia, au darubini iliyo juu ya bunduki ikamgonga usoni. Akiumia mara moja, mara ya pili atafumba macho na kujikunyata kabla hata hajavuta kifyatulio. Risasi itakwenda pembeni.

Hapo anayeteseka si mtoto peke yake. Kulungu aliyepigwa tumboni au mguuni hukimbia na kufia porini baada ya saa nyingi. Kwa wawindaji waadilifu hiyo ni aibu kubwa. Kwa hiyo kuchagua bunduki yenye msukumo mdogo si kumdekeza mtoto. Ni kumhurumia yeye na mnyama.

Urefu nao ni tatizo. Kutoka mwisho wa kitako hadi kwenye kifyatulio, bunduki ya mtu mzima huwa na takriban sentimita 35. Mtoto mwenye mikono mifupi akiishika, kichwa hulala vibaya, jicho halioni vizuri, na kitako hakikai sawasawa begani. Bunduki za vijana hupunguzwa hadi kama sentimita 31 au 33. Baadhi huuzwa na vipande vya kuongeza kwenye kitako kadiri mtoto anavyokua, kama mama anavyokunja pindo la sare ya shule akijua mwakani ataliachia.

Mtumbwi mdogo hurudi nyuma zaidi

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Mtoto ni mdogo, kwa hiyo wanatafuta bunduki nyepesi kuliko zote dukani. Lakini bunduki nyepesi ndiyo inayosukuma zaidi.

Fikiria umesimama kwenye mtumbwi ziwani, halafu unaruka kwenda ufukweni. Wewe unakwenda mbele, mtumbwi unarudi nyuma. Mtumbwi mkubwa utasogea kidogo. Mtumbwi mdogo utakimbia chini ya miguu yako. Risasi ni wewe, bunduki ni mtumbwi. Kwa risasi ileile, ukipunguza uzito wa bunduki kutoka kilo 4 hadi kilo 3, nguvu ya msukumo begani huongezeka kwa theluthi moja.

Kwa hiyo mzazi anapima mambo mawili yanayovutana. Bunduki iwe nyepesi kiasi kwamba mtoto anaweza kuibeba msituni na kuilenga bila mikono kutetemeka, lakini iwe nzito kiasi kwamba haimuumizi. Bunduki nyingi za vijana huwa na takriban kilo 3. Wenye uzoefu hushauri mtoto asiibebe mwenyewe kwa mwendo mrefu. Mtu mzima aibebe, kisha mtoto aiegemeze juu ya kitu imara wakati wa kupiga. Mpira laini mwishoni mwa kitako husaidia pia.

Njia nyingine ni kupunguza nguvu ya risasi yenyewe. Risasi maarufu ya watu wazima, iitwayo .30-06, ilibuniwa kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka 1906. Risasi ya .243 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka 1955, huleta takriban nusu ya msukumo huo. Namba hiyo ni unene wa risasi kwa kipimo cha inchi, yaani kama milimita 6. Kwa miaka mingi .243 ndiyo iliyotajwa kwanza kila mzazi alipouliza dukani.

Wengine wanaipinga. Wanasema risasi hiyo ni ndogo, haisamehi kosa, na mtoto ndiye mwenye makosa mengi. Wao hupendelea 7mm-08 Remington ya mwaka 1980 au 6.5 Creedmoor ya mwaka 2007, ambazo ni nene zaidi kidogo na msukumo wake bado unavumilika. Wa upande wa kwanza hujibu kwamba risasi ndogo iliyopiga nyuma ya bega la kulungu, kwenye moyo na mapafu, inashinda risasi kubwa iliyopigwa na mtoto aliyefumba macho. Kwa umbali usiozidi mita 100, ambao ndio unaomfaa mwanafunzi, zote tatu zinatosha.

Sheria nayo ina sauti. Colorado hairuhusu kulungu kupigwa kwa risasi nyembamba kuliko .24, ili mnyama asijeruhiwe bure. Kusini mwa Michigan, penye watu wengi, kwa miaka mingi sheria ilizuia bunduki za masafa marefu na kuruhusu shotigani na risasi fupi nene zisizofika mbali. Mwaka 2019 ilitoka risasi iitwayo .350 Legend, iliyolengwa kwa maeneo ya namna hiyo, na msukumo wake mdogo uliwavutia wazazi haraka.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi husahau: masikio. Mlio wa bunduki ya kuwindia hupita desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu usikivu kwa mlio mmoja tu, na bunduki za watoto zenye mtutu mfupi hupiga kelele zaidi. Mtoto bila kinga ya masikio ananunuliwa uziwi pamoja na bunduki.

Pale biashara ilipoingia

Kwa sheria ya taifa, muuzaji mwenye leseni haruhusiwi kumuuzia bunduki mtu wa chini ya miaka 18. Anayenunua ni mzazi. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya kumuuzia mzazi na kumtongoza mtoto.

Mwaka 2022 kampuni moja ya Marekani, WEE1 Tactical, ilitangaza bunduki ndogo iitwayo JR-15, yenye uzito wa takriban kilo moja, iliyoigwa kutoka AR-15, bunduki yenye sura ya kijeshi ambayo imetumika katika mauaji kadhaa shuleni. Hasira zilikuwa kubwa. Mwaka huohuo California ilipitisha sheria ya kuzuia matangazo ya bunduki yanayowalenga watoto. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ya shirikisho iliona kwamba sheria hiyo huenda inakiuka uhuru wa kujieleza, hata kuhusu magazeti ya watoto wanaowinda kihalali.

Pia mwaka 2022, baada ya mauaji katika shule ya msingi ya Uvalde, Texas, bunge lilipitisha sheria ya usalama wa silaha. Wizara ya elimu ikaitafsiri kuwa fedha za taifa zisilipie masomo ya uwindaji na upigaji mishale shuleni. Vijiji vikalalamika, na mwaka 2023 Baraza la Wawakilishi likairekebisha kwa kura 424 dhidi ya 1. Katika nchi iliyogawanyika kama Marekani, kura ya namna hiyo haionekani mara nyingi.

Ufunguo uko kwa nani?

Lakini takwimu nyingine haziwezi kufichwa. Tangu mwaka 2020, bunduki ndizo zinazoua watoto na vijana wengi zaidi nchini Marekani kuliko ajali za magari au ugonjwa wowote. Vifo vingi ni vya mauaji na vya kujiua, na havitokei kwenye uwindaji. Hata hivyo, bunduki iliyonunuliwa kwa ajili ya kulungu hukaa nyumbani miezi yote ambayo si msimu.

Michigan inalijua hilo kwa machungu. Tarehe 30 Novemba 2021, wiki mbili baada ya msimu kufunguliwa, mwanafunzi wa miaka 15 aliwaua wenzake wanne katika shule ya sekondari ya Oxford. Silaha hiyo haikuwa ya kuwindia. Ilikuwa bastola ambayo baba yake alikuwa ameinunua siku nne kabla. Mwaka 2024 baba na mama walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, kila mmoja katika kesi yake, na wote wakahukumiwa kifungo cha kati ya miaka 10 na 15. Mwaka huohuo ilianza kutumika sheria ya Michigan inayomtaka mtu mzima kuifungia bunduki pale ambapo mtoto anaweza kuifikia. Sheria hiyo haikumkataza mtoto kuwinda akiwa na msimamizi.

Tunaona hapo ndipo mjadala wote unapokutana. Wanaotetea uwindaji na wanaoogopa bunduki wanaweza kubishana milele kuhusu .243 na 7mm-08, kuhusu miaka minane au kumi na miwili. Lakini bunduki iliyopimwa vizuri kwa bega la mtoto ni salama porini kwa sababu mtu mzima yuko pembeni yake: ndiye aliyeibeba, ndiye anayempa risasi moja moja, ndiye anayesema "piga" au "acha". Wakirudi nyumbani, mtu mzima huyohuyo akiiegemeza nyuma ya mlango, kipimo chote cha dukani kimekuwa kazi bure.

Kwa msikilizaji wetu mwenye ndugu Marekani, au mwenye gobore la kulinda shamba hapa nyumbani, swali ni lilelile. Kabla ya kuuliza silaha ina uzito gani, uliza inalala wapi usiku, na nani ana ufunguo.