Kabla Hujala Bumu kwa Valvu, Safisha Sindano

Wanachuo wenzangu, niseme mwenyewe kabla rumeti wangu hajanisemea: muhula uliopita nilitumia shilingi 180,000, karibu theluthi ya bumu, kununua valvu ya redio. Valvu moja, ndogo kuliko kidole gumba. Wiki tatu zilizofuata nilikula ugali maharage mchana na chai ya rangi usiku, huku nikijisifu kwamba najua muziki.

Kwa wasiojua, valvu ni zile taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio za zamani kabla transista, iliyobuniwa mwaka 1947, haijazisukuma pembeni. Hadi leo zinatengenezwa Urusi, Slovakia na China, kwa sababu wapo watu wanaopenda sauti yake, na mimi ni mmoja wao. Nina priampu ya santuri ya valvu, niliipata mtumba. Niliitafuta kwa ajili ya santuri za marehemu babu: Morogoro Jazz, Mbaraka Mwinshehe, na nyingine ambazo karatasi zake za katikati zimefutika kabisa. Bibi alinipa sanduku zima kwa sharti moja: nikirudi likizo, nimpigie azisikie tena.

Shida ni kwamba sauti ilikuwa na mvumo, na waimbaji walisikika kama wamefungiwa ndani ya debe. Kila niliyemuuliza alinijibu hivyohivyo: badilisha valvu. Weka ile ya zamani ya Ujerumani, utalia. Nikanunua, nikaichomeka, nikasikiliza. Na kweli nililia! Nikaona sauti imefunguka, gitaa limesogea mbele. Nikamwita rumeti aje ashuhudie. Akasikiliza wimbo mzima, kisha akasema, "Mwanangu, mimi sisikii tofauti. Hebu tupime."

Tukapima. Mimi natoka nje, yeye anarusha sarafu kuamua aweke valvu ipi, anafunika priampu kwa kitambaa, kisha mimi naingia kusikiliza na kutaja. Tulirudia mara 10, Jumamosi nzima ikaisha. Nilipatia mara 5. Yaani hata ile sarafu ingeweza kufanya kazi yangu, tena bila kula bumu.

Najua mashabiki watasema nini: kubadilisha valvu kunachukua dakika kadhaa, mpaka ipoe na nyingine ipate moto, na sikio limeshasahau. Hoja nzuri. Lakini siku ile nilipolia, sikio langu lilikumbukaje? Dakika zilikuwa zilezile. Tofauti ni kwamba siku ile nilijua bei.

Sisemi valvu hazina kazi. Katriji ya sumaku ya kawaida inatoa kama milivolti 5 tu, na priampu inatakiwa kuzikuza kama mara 100. Isitoshe, santuri hukatwa ikiwa besi imepunguzwa na sauti nyembamba imeongezwa, ili mifereji isiwe mipana mno na mikwaruzo isitawale. Priampu inageuza hayo yote: kwenye hezi 20 inakuza kama mara 10 zaidi ya inavyokuza kwenye hezi 1,000. Kwa hiyo mvumo au mchakacho wa valvu ya kwanza unakuzwa pamoja na muziki. Kama valvu hiyo imechoka, inachakacha, au ukiigusa taratibu kwa penseli inalia kama kengele kwenye spika, ibadilishe. Hapo utasikia tofauti, hata kwa valvu mpya ya bei ya kawaida.

Wapo pia wanaoshauri utoe 12AX7 uweke 12AU7, kwa kuwa soketi ni moja. Ni kweli inaingia. Lakini ya kwanza ina kipimo cha ukuzaji cha 100, ya pili karibu 20, na ukinzani wake wa ndani ni tofauti kabisa. Sakiti ya kurekebisha besi ilipigiwa hesabu kwa valvu iliyokuwepo. Ukiweka nyingine, mizani inaharibika. Unaweza kuipenda hiyo ladha, sikukatazi, ila usiite maboresho.

Na tafadhali, usifungue kifuniko kule hosteli. Ndani kuna volti zaidi ya 200, na kapasita zinaweza kubaki na umeme hata ukiwa umechomoa waya. Mpe fundi.

Mwisho wa yote, mvumo wangu ulitokana na nini? Waya wa athi wa gramafoni ulikuwa haujabanwa. Na lile debe? Sindano ilikuwa imebeba vumbi kama fagio, na mkono wake ulikuwa mwepesi mno. Brashi ilinigharimu shilingi 3,000. Kubana waya ni bure.

Mtu atasema pesa ni yako, inatuhusu nini? Bumu ni mkopo, ndugu zangu. Nitalilipa nikipata kazi. Lakini kinachoniuma zaidi si pesa. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi. Maabara naandika ripoti, naweka kiwango cha makosa, narudia kipimo mara tatu, na asiporudia mwenzangu namcheka. Nikitoka nje ya geti, muuzaji ananiambia "utalia", nami natoa pochi. Kama kupima ni kwa ajili ya alama tu, basi tumekuja chuo kufanya nini? Napendekeza kanuni ndogo: kabla hujabadilisha kitu cha bei, safisha, kaza, kisha mwombe rafiki asiyekuamini akupime.

Likizo nilimpigia bibi santuri zake kwa valvu ileile ya zamani. Upande wa kwanza ulipoisha hakusema neno. Akanyoosha kidole kuonyesha sanduku, maana yake leta nyingine. Tulisikiliza mpaka saa nne usiku.

Valvu ya Ujerumani bado ipo kwenye boksi lake, inauzwa. Bei tutaelewana, ila kwanza tutapima.