SHEHA, TUNAOMBA KIBALI CHA KUCHAPANA

Ndugu msomaji, unaujua Mwaka Kogwa wa Makunduchi? Kila Julai wenyeji wa kusini Unguja huukaribisha mwaka kwa kuchapana migomba, upande wa kusini na upande wa kaskazini, mchana kweupe. Mwenye kinyongo cha mwaka mzima hukitoa hapo, kisha watu hula pamoja. Hujengwa kibanda cha makuti, mtu akaingia ndani, kikatiwa moto, naye akachomoka mbio.

Sasa hebu tufikiri: wakubwa waamue kuisimamia mila hii kama wanavyosimamia mikutano yetu.

Mzee anakwenda kuchukua barua ya sheha. Sheha hayupo, yuko semina. Siku ya tatu barua inapatikana, inapelekwa wilayani, nakala kwa polisi. Polisi wanasema kuchapana ni shambulio, kwa hiyo walete orodha ya watakaochapwa. Zimamoto wanataka ramani ya kibanda ioneshe mlango wa dharura. (Mzee anaeleza kwamba kuchomoka kwa dharura ndiyo mila yenyewe. Haandikiwi.) Bwana Kilimo anataka idadi ya migomba. Wa mazingira wanauliza moshi utaelekea wapi, nao wazee wanauwasha ili waone hilo hilo! Nyimbo za akina mama ziletwe nakala tatu, na kila fumbo liandikwe pembeni anasemwa nani.

Unacheka? Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inakitaka chama kinachofanya mkutano wa hadhara kitoe taarifa polisi saa 48 kabla. Taarifa, bwana, si ombi! Lakini nani asiyejua jinsi taarifa inavyogeuzwa ombi ikishafika mezani? Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ikapigwa marufuku, hadi ilipofunguliwa Januari 2023. Miaka sita na ushei watu walikaa na vinyongo vyao vifuani, na waheshimiwa wakakiita kimya kile amani.

Mzee wetu yule bado yuko kwenye benchi. Ameambiwa kibali kiko tayari, kinangoja saini tu. Mwaka umeruhusiwa kuingia Septemba, siku ya kazi, saa tatu hadi saa sita, kwa sharti moja: wachapanaji wote watoke upande mmoja.